Seli za Bi Mishi

Kadzo alinipigia simu kunambia kwamba Daktari Badi anastaafu, na kwamba wote tuliowahi kufanya kazi kwenye maabara yake ya Mbaraki tumealikwa nyumbani kwake Kizingo kuja kumuenzi. Alilitamka neno hilo, kumuenzi, polepole, kwa sababu anajua. Mwaka ule mimi na yeye tulikaa meza moja, mimi mtoto wa Kibokoni na yeye mtoto wa Rabai, na leo sote wawili tuna mvi. "Nimekwambia tu," akasema. "Si lazima uje." Nilimwambia nitakuja. Watu hupenda kuninasihi kwamba miaka ikipita hasira nazo hupita. Yangu imepita mingi. Nimeolewa, nimezaa, nimesomesha biolojia watoto wa watu mpaka sauti ikanikauka, na bado nikilisikia jina la mtu yule nahisi damu inanipanda shingoni kama nilivyohisi siku ile nikiwa msichana aliyetoka chuo kikuu juzi.

Maabara yenyewe ilikuwa orofa ya juu ya jengo kuukuu karibu na gati. Ukifungua dirisha la ofisini unaingiwa na vumbi la saruji na la nafaka inayoshushwa melini, ndiyo maana chumba cha seli hakikuwa na dirisha hata moja. Kilikuwa chumba chembamba cha rangi ya kijani, chenye kabati la joto, kabati jingine linalopuliza hewa safi ambamo tulifanyia kazi, na hadubini moja. Kazi yetu ilikuwa kukuza seli za saratani nje ya mwili. Unachukua seli kutoka kwenye kipande cha uvimbe, unazitia kwenye chupa bapa, unazilisha kimiminika chekundu ambacho Kadzo alikiita mchuzi, na kuziweka kwenye joto sawa na la mwili. Zikikubali, hushika chini ya chupa zikazaana, na hapo waweza kuzijaribia dawa bila ya kumgusa mgonjwa. Adui wa kazi hii ni bakteria. Mchuzi unaopendwa na seli wao huupenda zaidi. Wakiingia wachache tu jioni, asubuhi chupa nzima imegeuka manjano na kuchafuka kama maji ya kuoshea mchele. Ilinitokea wiki yangu ya kwanza. Daktari Badi aliinua chupa kwenye taa, akaitazama, akanitazama mimi.

"Hii imekuwaje, Zuhura?"

"Imeingia bakteria, Daktari."

"Haikuingia. Imetiwa. Ulipokuwa ukifanya kazi ulikuwa wasema na nani?"

Nilimwambia sikusema na mtu, nilikuwa nasoma bismillahi. Hakucheka. "Isome moyoni," akasema. "Mungu hahitaji sauti, na kinywa cha mwanadamu kimejaa bakteria." Kisha akavaa glavu, akaketi pembeni yangu, akanionesha upya kila kitu: namna ya kushika kifuniko kwa kidole kidogo bila ya kukiweka chini, namna ya kutopitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi, namna ya kupumua. Nilijifunza. Alikuwa mwalimu hodari, na nalisema hili ili mtu asije akadhani alikuwa hajui. Lau angekuwa mjinga ningemsamehe zamani.

Seli tulizokuwa tukizitaka zaidi ni za saratani ya koo la chakula, na hazikubali kukua kwa urahisi. Zile zilizokubali zilitoka kwa jirani yangu. Bi Mishi alikaa nyumba ya kukabiliana na yetu, dirisha kwa dirisha, na alikuwa mpishi wa harusi. Kibokoni nzima harusi haikuhesabiwa kuwa harusi kama biriani haikupita mkononi mwake. Chakula kilianza kumkwama, kwanza nyama, baadaye wali, baadaye hata mkate uliochovywa kwenye chai, mpaka ikawa hakipiti kitu ila uji mwepesi. Lakini kupika hakuacha. Namuona hivi sasa, amekaa kwenye kibao mbele ya sufuria, anachota mchuzi kwa upawa, anaugusa kwa ncha ya ulimi, anatema kwenye bakuli, kisha anawaambia wasaidizi wake, "Ongezeni ndimu, imelala hii." Wenzake walikuwa wakigeuza nyuso. Hospitali walipopanga kumkata kipande cha uvimbe kukichunguza, Daktari Badi alikuja mwenyewe kumuomba kitakachobaki. Aliketi sebuleni, akaeleza kwa adabu na kwa uwazi, akala kaimati alizoandaliwa. Bi Mishi akamwambia, "Chukueni. Mimi hakinifai kitu." Tangu siku hiyo, kila nikirudi kazini nilikuwa nikimkuta dirishani.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wangu hawajambo?"

"Hawajambo, wazidi kuongezeka."

"Wala nini?"

"Wala mchuzi."

"Basi wamemshinda mama yao," husema, akacheka kwa mkono mdomoni, kwa sababu kucheka kulimuuma.

Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia ukweli wake. Uvimbe ulikuwa mkubwa, kupona kabisa hakumuahidi, lakini mionzi ingeupunguza, na ungepungua angeweza kula tena. Wakati huo mashine ya mionzi haikuwepo pwani. Ilikuwa lazima aende Nairobi akakae wiki kadhaa. Aliiogopa Nairobi kuliko ugonjwa. Aliogopa baridi, aliogopa kufia kwa watu wasiomjua. Lakini mkwewe Abdalla, mume wa binti yake Swaumu, alishapata mahali pa kufikia Eastleigh, na hospitali ikampa siku ya kuanza. Swaumu akamshonea koti. Bi Mishi alilivaa siku moja dirishani ili nimuone, akasema, "Nafanana na askari."

Katikati ya mwaka Daktari Badi alisafiri, na aliporudi alikuja na chupa ya seli alizopewa kwenye maabara ya rafiki yake. Aliifuta kwa spiriti, akafungua kabati letu la joto, akaiweka rafu moja na za Bi Mishi. Kadzo akamuuliza kwa heshima, "Daktari, hizi haziwekwi kando kwanza zikapimwa?" Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo. Akajibu, "Zimetoka kwa mtu ninayemuamini," akaenda ofisini kunywa chai. Baadaye kidogo akaleta majani yanayosemwa ni dawa, tuzijaribie seli. Yalikuwa ya mti ambao sitautaja, maana nikiutaja leo, kesho kuna mtu atawasha jiko. Tuliyakamua, tukayachuja, tukazitilia seli za Bi Mishi, na seli zikafa. Zilijikunja zikang'oka chini ya chupa mbele ya macho yetu. Sijapata kuona furaha kama ile. Daktari aliagiza pilau na kachumbari na maji ya ukwaju, tukala sote kwenye meza ya ofisi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, akatwambia siku moja tutawahadithia wajukuu. Mimi nilikula nikashiba. Nilimuwaza Bi Mishi.

Kilichonitia shaka ni chupa ambazo hatukuzitilia majani. Zilipaswa kuwa nzima. Hazikufa, lakini zilikuwa zinazaana kivivu, na seli zake zilikuwa na chengachenga ndani, kama mtu mwenye homa ambaye haijampanda bado. Mchuzi ulikuwa mwekundu na safi, haukuwa na harufu. Kadzo ndiye aliyelitamka jina kwanza: mikoplazma. Ni bakteria mdogo kuliko wengi, asiye na ganda. Hachafui mchuzi, na penisilini tuliyokuwa tukitia kwenye kila chupa haimuui, maana kazi ya penisilini ni kuharibu ganda na yeye ganda hana. Hujibandika ubavuni mwa seli akala chakula chake, ikadhoofika mpaka ikawa chochote kidogo chaimaliza. Tuliazima hadubini ya hospitali, tukazitia seli rangi inayong'aa gizani. Seli safi huonesha kiini peke yake, duara moja linalowaka. Zetu zilikuwa zimezungukwa na vitone, vingi, kama mtu amepuliza unga wa chaki. Nilikaa pale nikitazama mpaka jicho likatoka machozi. Lakini tulikuwa na bahati moja: mwanzoni mwa mwaka, kabla ya chupa ile ya safari, tulizigandisha baadhi ya seli za Bi Mishi. Tukaziyeyusha, tukazikuza chumba kingine, tukazipima zikawa safi, tukazitilia majani yale yale. Zikaendelea kukua kama hazikutiwa kitu. Tukarudia. Zikakua. Nikaenda ofisini.

"Daktari, majani hayaui saratani. Yanazimaliza seli ambazo zilikuwa zishaugua. Zina mikoplazma."

Akavua miwani. "Nani amepima?"

"Mimi na Kadzo. Na zile za mwanzo, zilizo safi, hazifi."

"Rudieni."

"Tumerudia. Tutarudia tena. Lakini redioni usende, Daktari."

Maana alishaalikwa kwenye kipindi cha afya, na mji mzima ulishatangaziwa. Alizungusha miwani mkononi. Ninaamini mpaka leo kwamba kwa muda ule mfupi alikuwa karibu kunisikiliza, na ndiyo maana sikuweza kulisahau lile zungusho. Kisha akasema, "Nitawaambia ni matokeo ya mwanzo. Watu wana akili zao." Nilimwambia si matokeo ya mwanzo, si matokeo kabisa. Akanambia nifunge mlango nikitoka.

Nilimsikiliza redioni nikiwa jikoni kwetu. "Matokeo ya mwanzo" aliyasema kweli, mara moja, haraka, kama mtu anayesoma masharti ya tiketi. Mtangazaji akamuuliza, "Sasa msikilizaji wetu aliye nyumbani, na mgonjwa wake, afanye nini?" Angeweza kusema, mpelekeni hospitali. Maneno mawili hayakuwa mengi. Alicheka kidogo akasema, "Majani ya Mungu hayajamdhuru mtu." Mama yangu aliyekuwa akikuna nazi akaitikia, "Kweli." Kabla ya Ijumaa Kibokoni ilikuwa ikinuka majani yaliyochemshwa, kila kichochoro, na wauzaji walikuwa wameyapanga kwa mafungu kando ya mchicha.

Nilivuka kwenda kwa Bi Mishi. Sufuria yake kubwa, ya biriani, ilikuwa juu ya jiko, na ndani yake ni majani. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Abdalla alikuwepo, na Swaumu pia. Nikawaeleza yote, pole pole, kuhusu chupa ile ya safari, kuhusu vitone, kuhusu seli safi zisizokufa. Nikawaomba wasiache kwenda Nairobi.

Abdalla alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. "Zuhura, wewe ni mtoto wetu, twakuheshimu," akasema. "Lakini wewe waosha chupa. Yeye ndiye daktari, na amesema mbele ya watu wote."

"Sizioshi tu, Kaka Abdalla. Mimi ndiye niliyezikuza hizo seli."

"Basi wajua kwamba zimekufa."

Swaumu alikuwa akiutazama moto. Bi Mishi akanivuta mkono, akanikalisha karibu yake kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo. "Mwanangu, wajua nilivyoihofu Nairobi. Nimefunguliwa mlango wa kutokwenda, na wewe waja kuufunga. Niache nijaribu. Nikiona hayafai, nitakwenda."

Sikumuacha. Nilikwenda hospitali nikamuona daktari wake, naye akampigia Abdalla simu, akajibiwa kwamba mama ameamua kungoja. Nilirudi tena na Kadzo, nikarudi na imamu wa msikiti wetu, ambaye alisema vizuri lakini mwishowe akauliza kama majani yenyewe ni halali au la. Siku ya kuanza mionzi ikapita. Bi Mishi alikuwa akiyanywa yale maji kijiko kwa kijiko, kila kijiko kikichukua muda wa sala, na mengi yakirudi.

Huku Mbaraki, Daktari alizipeleka seli kwa profesa wa ng'ambo aliyetaka kuandika naye, na profesa akazipima kabla ya kuzigusa, kama afanyavyo kila mtu mwenye haya. Akapiga simu kusema zina mikoplazma na hatazitumia. Daktari akatuita sote ofisini. Nilidhani amekuja kukiri. Alisimama nyuma ya kiti chake akasema kwamba uzembe umeingia kwenye maabara, kwamba mikoplazma wengi hutoka kinywani mwa mtu, na kwamba wote tunamjua nani aliyeanza kazi hapa kwa kusema juu ya chupa zilizo wazi. "Zuhura na mdomo wake," akasema, na mtu mmoja akacheka kwa woga. Kadzo akasema, "Daktari, ni chupa uliyokuja nayo." Akamwambia anyamaze kama ataka kazi. Mimi akanambia nisije kesho.

Nilikuwa nyumbani, sina kazi, Kadzo alipokuja kunipa habari iliyobaki. Profesa alikuwa amepiga tena, kutaja ni aina gani ya mikoplazma. Haikuwa ya kinywa cha mtu. Ilikuwa aina ya nguruwe, ambayo imetangatanga kwenye maabara za dunia kwa miaka, chupa kwa chupa, pale wasipopima. Kadzo alinitazama, nami nikamtazama, tukacheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Mimi, mtoto wa Kibokoni, nimesingiziwa kwamba kinywa changu kimetoa kijidudu cha nguruwe. Kisha kicheko kikaniishia. Daktari aliipokea habari ile akiwa peke yake ofisini, mlango wazi, Kadzo akisikia. Hakumwita mtu. Hakunitumia hata salamu. Alichofanya ni kuamuru chupa zote za Bi Mishi zimwagwe kwenye klorini, na zile safi zilizokuwa kwenye tangi la baridi nazo zitolewe zimwagwe, ili asipatikane wa kurudia jaribio. Kadzo ndiye aliyeamrishwa kuzimwaga. Alinambia mchuzi ulipokutana na klorini uligeuka rangi kisha ukawa hauna rangi kabisa.

Bi Mishi alikufa kabla mwaka haujaisha. Mwisho hata maji hayakupita. Sitaeleza zaidi ya hapo, Swaumu yu hai na huenda akayasoma haya. Siku ya hitima Daktari Badi alikuja. Wanaume walikuwa wamekaa nje barazani, sisi wanawake ndani, na mimi nilikuwa karibu na dirisha. Alipewa mahali pazuri pa kukaa, akaletewa sahani yake. Nilimsikia Abdalla akimshukuru mbele za watu, kwa kuwa alimjali mama, kwa kuwa alijaribu. Nikangoja. Nilikuwa na hakika kwamba hapo, mbele ya msiba, atasema neno. Alisema, "Tulijaribu. Ni kadari." Watu wakaitikia. Mimi kadari naiamini, ni nguzo ya imani yangu, na sijamsamehe kuitumia kama kitambaa cha kufutia mikono. Niliinuka nikatoka nje mpaka barazani, mbele ya wanaume, nikamwambia, "Daktari, waambie ukweli." Abdalla alinishika bega akanirudisha ndani kwa upole, akisema msiba umenichanganya. Miaka mingi nilipishana na Abdalla njiani tukisalimiana kwa midomo tu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kizingo. Kulikuwa na hema kwenye bustani, viti vyeupe, magari mpaka nje ya geti, vijana watafiti wazuri waliovaa vizuri. Daktari Badi amekuwa mwembamba, anatembelea mkongojo. Aliponiona akatabasamu, akawaambia waliomzunguka, "Huyu ni Zuhura. Huyu alikuwa na mdomo." Wakacheka, hawajui wanachokicheka. Msema chochote alikuwa akizungusha maikrofoni kwa wafanyakazi wa zamani, kila mtu aseme kumbukumbu moja. Kadzo alinishika goti. Nilisimama nikasema kumbukumbu yangu ni Bi Mishi wa Kibokoni, mpishi wa harusi, aliyetupa seli zake. Nikasema chupa ilitoka wapi, nani aliambiwa, nani alikwenda redioni, nani hakwenda Nairobi. Sikupaza sauti. Ndege walisikika mitini. Binti mmoja wa maabara, aliyekuwa mbele, aliiweka sahani chini ya kiti chake.

Mtoto wa Daktari alikuja kuichukua maikrofoni, lakini mzee akainua mkono kumzuia. Akasema kutoka pale alipokaa, si kwa ukali, "Zuhura, alikuwa mgonjwa sana yule mama. Angekufa tu."

Basi alikuwa akijua. Miaka yote hii alikuwa na jibu lake tayari, amelipanga, analingojea swali.

"Angekufa, Daktari," nikamwambia. "Lakini angekula kwanza."

Nikampa mtoto wake maikrofoni, nikachukua mkoba wangu. Kadzo alinifuata mpaka barabarani, chini ya miti, akaniuliza kama sasa hasira zimepungua. Nikamwambia la. Sikuzipeleka pale zikapungue. Nilizipeleka azione. Kisha tukaenda Kibokoni, kwa Swaumu, maana nilitaka nililolisema pale alisikie kwangu, asilisikie mtaani.